Mkanda Usionyoosheka

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga. Palikuwa na keki yenye umbo la maikrofoni, na meneja wetu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kuviringisha waya, akasimama akasema mimi ni sikio la studio hii. Nikala keki. Baadaye vijana mkanizunguka mkitaka niwaandikie kitu cha kuwafaa kazini, basi nimekaa na kuandika. Ila tuelewane mapema. Habari za vyeo sizigusi, na mwenye kutaka mbinu za haraka haraka akaombe kwingine. Nitawaeleza nilivyoingia kazi hii, kisha nitawaeleza kuhusu mkanda mmoja niliomkatalia bosi kule Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilikosea. Waacheni waseme, midomo ni yao.

Mnajua kwamba mimi ni Mtanga kwa kuzaliwa na Mkanada kwa pasi. Nilikwenda Montreal nikiwa msichana, nikimfuata kaka yangu aliyekuwa anasoma huko, na yeye akaniandikisha chuo cha ukatibu. Chuo kilikuwa ghorofa ya juu na chini yake palikuwa na studio ya kurekodi muziki. Sisi tunagonga mashine za kuchapa, wao wanagonga ngoma, na ngoma ilikuwa inashinda. Siku moja wenzangu wakanituma niteremke kulalamikia kelele. Niliteremka, na chuoni sikurudi tena. Kaka yangu hakusema nami kwa muda mrefu, nami sikumbembeleza.

Aliyenipokea chini alikuwa mzee Gaston, Mkanada anayeongea Kifaransa, mwenye tumbo kubwa na suruali iliyoshikiliwa na mikanda ya mabegani. Hakuniuliza najua nini. Alinitupia waya wa maikrofoni uliosokotana, akaniambia niuviringishe. Nikauviringisha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Akaufungua wote, akanionyesha: duara moja unalileta juu ya mkono, linalofuata unaligeuza lipite chini, ili waya usijinyonge ndani kwa ndani. Nilifanya kazi hiyo majira yote ya baridi. Leo nikimwona fundi anaviringisha waya kwenye kiwiko, kiwiko kinaniuma mimi.

Alikuwa na sharti jingine ambalo ninyi mnalijua, maana nimewachosha nalo. Wimbo ukipigwa mara ya kwanza, mikono nyuma. Hugusi kitufe hata kimoja mpaka uishe. Gaston alisema fundi mwenye mikono mbele hasikilizi, anatafuta pa kushika. Nimewaona ninyi mkiweka mikono nyuma huku vidole vinacheza, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kinanda cha mdomo nacho alinifundisha yeye. Kilikaa mfuko wa shati lake, kimekwaruzika, kinanuka tumbaku. Ni kifaa kidogo chenye matundu kumi na baadhi ya noti hakina kabisa. Ukizitaka, lazima uzitafute kwa pumzi: unavuta hewa, unarudisha ulimi nyuma, na noti inateremka taratibu, ikipita mahali ambapo piano haina kitufe. Nilipoipata mara ya kwanza machozi yalinitoka, kwa sababu nilikuwa naijua. Ilikuwa ile sauti ya katikati niliyoisikia utotoni Tanga, harusini, waimbaji wa taarabu wanapoivuta mpaka kina mama wanashindwa kukaa. Nilikuwa nimekaa Montreal miaka nikidhani nimeiacha nyumbani.

Basi nikawa fundi mitambo, nikawa prodyuza, na nikapuliza kinanda hicho katika rekodi za watu wengi ambao jina langu hawalikumbuki. Yote hayo nayaruka. Nendeni nami moja kwa moja uwanja wa ndege wa Baiyun, ule wa zamani uliokuwa umeegemea mji.

Bwana Liang, mwenye studio iliyoniajiri, alikuja kunipokea mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba anakuja fundi wa Kanada mwenye sifa zake. Alishika bango lenye jina langu, Rukia, akawa ananyoosha shingo juu ya kichwa changu akimtafuta mzungu. Nilisimama mbele yake mpaka bango likakaribia kunigusa pua.

"Kanada?" akauliza.

"Kanada."

Akatazama tena nyuma yangu, labda Kanada yenyewe itatokea inasukuma toroli. Haikutokea. Akachukua sanduku langu, tukaenda.

Studio ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la biashara katika barabara ya Huanshi, chini yake maduka ya sampuli za viatu. Nimsifu Liang pale anapostahili. Alikuwa mchapakazi, na mashine zake zilikuwa safi kuliko za Montreal. Kazi zetu zilikuwa matangazo ya sabuni, vijana wa nyimbo za mapenzi, na diski za karaoke za watu kuimbia majumbani. Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga na Kichina nilichookota sokoni.

Shida kubwa ilikuwa kelele. Lifti ikipanda, maikrofoni inanguruma. Mji wote ulikuwa unachimbwa na kujengwa, na nyundo za barabarani zilifika mpaka kwenye kuta zetu zilizojazwa sufi. Nikajifunza ratiba ya wachimbaji vizuri kuliko ratiba ya sala. Wakienda kula, tunarekodi. Hewa nayo ilikuwa na unyevu wa kutisha, kanda za sauti zinanata, ikabidi nizihifadhi kwenye kabati lenye taa inayowaka muda wote kuzikausha. Hilo la taa lichukueni, linafaa hata Dar.

Halafu Liang akanunua kompyuta yenye programu mpya ya kunyoosha sauti. Leo kila simu inayo, lakini wakati ule ilikuwa ajabu. Mwimbaji akipanda au akishuka kidogo, mashine inamkamata na kumsukuma kwenye noti iliyo karibu, kama mwalimu wa zamu anavyowapanga watoto mstarini. Kwa vijana wa mapenzi ilikuwa dawa. Liang aliipenda mno. Alikuwa akiwaita wateja waje kuitazama inavyofanya kazi, na akawa anatafuta kazi kubwa ya kuionyesha.

Sasa nije kwa Shaame. Nilikuwa nakula tambi za nyama kwenye mgahawa wa Waislamu huko Xiaobei, mtaa wa nyuma ya barabara yetu, nikasikia mtu anagombana kwenye simu kwa Kiswahili cha Unguja. Alipokata, nikamsalimu. Kijiko kikamponyoka.

"Wee dada, umetokea wapi?"

"Kanada."

"Kanada gani hiyo inayosema Kitanga?" Akahamisha bakuli lake mezani kwangu bila kuulizwa. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu, mtu wa kushinda soko la Zhanxi akibishana bei. "Mie hapa kichwa kinaniuma. Laoban, mwenye duka, kanipa sampo ya kiatu nzuri, naleta oda, ananambia mei you, haipo! Kontena inanisubiri. Na hilo la viatu dogo. Kuna shangazi yangu nimemleta hospitali."

Shangazi huyo ni Bi Zuhura. Nisingependa mfikiri ni mtu maarufu. Aliimba taarabu ya zamani katika kikundi cha mtaa wao, kwenye harusi na sikukuu, maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Sasa alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walikuwa wamemweleza wazi: watamtoa ile sehemu ya koo inayotoa sauti, apone, lakini hatasema tena wala kuimba. Alikuwa amekubali. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba kabla ya kulala kitanda cha upasuaji aache wimbo mmoja kwenye mkanda. Upasuaji ulikuwa wiki iliyokuwa inafuata.

Nilimpelekea Liang habari hiyo, naye akaona soko. Waafrika walikuwa wanaongezeka Xiaobei na wote wananunua kanda. Akasema studio atatoa bure, kanda atazizalisha na kuziuza yeye, na mashine yake mpya itapata jina. Shaame akakubali kwa sharti kwamba hakuna nakala itakayotoka kabla shangazi yake hajausikia mkanda na kuupenda. Wakapeana mikono mbele yangu.

Bi Zuhura alikuja amevaa baibui na viatu vya raba, mkononi kipochi kidogo cha ushanga alichokipakata kama mtoto. Sauti yake ya kuongea ilikuwa na mkwaruzo.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo weye fundi? Haya. Sauti inanikwama kwama, lakini ipo bado. Tuifanye kabla haijanikimbia."

Liang ndiye aliyesimamia siku hiyo, na tulifanya kwa taratibu zake. Tukamweka ndani ya chumba kidogo cha kioo, peke yake, hedifoni masikioni, muziki wa kinanda cha umeme umetangulia kurekodiwa. Akaimba mstari mmoja, tunasimamisha. Anarudia, tunasimamisha. Kila mara alipofumbua macho alijikuta anautazama ukuta wa sufi. Akatii yote, mtu mzima yule, maana alidhani ndivyo China inavyofanya. Mwishowe Liang akaipitisha sauti kwenye mashine yake, ikanyooshwa, mkwaruzo ukafutwa, ikarudishwa mkandani. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kutunza sauti, kwa hiyo palikuwa na mkanda huo tu.

Tukamwita asikilize. Alikaa kitini, kipochi mapajani. Wimbo wote hakutikisika. Ulipokwisha akaniuliza kwa upole:

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bi."

"Siye mie." Akakifunga kipochi, na ndipo nilipoona kwamba alikuwa amekifungua kabla wimbo haujaanza, na noti moja ya pesa ilikuwa imeshachungulia nje. "Huyu simtunzi."

Ninyi mliolelewa na redio huenda hamlielewi neno hilo vizuri. Kwenye taarabu msikilizaji hakai akapiga makofi mwisho. Ubeti ukimgusa, anainuka, anakwenda taratibu kwa madaha mpaka mbele, anaipunga noti juu ya kichwa cha mwimbaji na kumpa. Huko ndiko kutunza. Hulazimishwi, na mwimbaji hakuombi. Ukitunza, umekiri mbele za watu kwamba aliyeimba kayasema ya moyoni mwako. Bi Zuhura alikuwa amekuja kujisikiliza akiwa tayari kuinuka, akakuta hakuna wa kuinukiwa.

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza. Nilimsindikiza kwenye lifti, nikarudi kwa Liang. Yeye alikuwa anafurahi.

"Sasa anaimba sawasawa," akasema. "Mwanzoni alikuwa anakosea noti."

"Hakukosea. Zile noti zipo. Ziko katikati ya vitufe vya kinanda chako. Na ninyi mnazo! Wale wazee wanaoimba opera ya Kikantoni bustanini, wanaimba zile zile za katikati."

"Najua," akanijibu. "Mama yangu anaziimba. Ndiyo maana hakuna kijana anayenunua kanda zake."

Nawapa jibu lake kamili kwa sababu lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Tatizo langu na Liang halikuwa ujinga. Alijua hasa anachokifuta, na akaona ni bora kifutwe.

Nikamwambia mwimbaji hajaupenda, na yeye na Shaame wamepeana mikono. Akasema basi arudi mara moja, Ijumaa alasiri, lakini kwa utaratibu ule ule na mashine ile ile, na hapo hata bibi akikataa, yeye Liang atajua la kufanya. Nilikuwa na siku mbili. Nilitembea Huanshi kwenda na kurudi nikifikiri. Kuuficha mkanda kusingesaidia, wala kumbembeleza Liang. Kisha nikakumbuka kitu ambacho Gaston alikifanya alipokuwa anarekodi bendi za vijijini, na nikacheka peke yangu barabarani mpaka muuza viazi akanitazama.

Mashine ile ilikuwa na udhaifu mmoja. Ili kunyoosha sauti ya mtu ilihitaji kuipata sauti hiyo peke yake, kwenye njia yake, safi, bila chochote kilichochanganyika nayo. Hiyo ndiyo sababu ya chumba cha kioo. Lakini ukiweka maikrofoni moja katikati ya chumba, kama alivyofanya Gaston, na mwimbaji, vyombo na watu wote wakaingia humo kwa pamoja, hakuna cha kutenganisha. Ni chai iliyokwisha kutiwa maziwa.

Nikaenda kwa Shaame. "Niletee watu," nikamwambia. "Watu wa kutunza."

"Wangapi?"

"Wanaojua kutunza. Idadi yako."

Ijumaa, baada ya sala, walipanda kwa lifti kwa mafungu, wanawake wa Dar na Unguja waliokuwa wamefuata biashara ya nguo, na wanaume wa viatu wakiwa bado na riboni za kupimia mifukoni. Akaja pia Papa Didi, mnunuzi wa vipuri kutoka Lubumbashi, Mkristo aliyekuwa jirani wa Shaame.

"Mama, mimi sijue taarab yenu, franchement," akamwambia Bi Zuhura, kofia mkononi. "Lakini Shaame alisema hapa beko naomba batu. Mimi niko mutu, niko hapa, je suis là."

"Karibu, babaangu," akasema Bi Zuhura. "Wimbo hauna kiingilio."

Liang alikuwa amekwenda kula na wateja. Nilitumia nafasi hiyo, na kila nilichofanya nilikifanya mchana kweupe. Nilimtoa bibi kwenye chumba cha kioo nikamweka katikati ya ukumbi. Nilichukua maikrofoni moja kubwa nikaiinua usawa wa paji la uso wake, umbali wa mkono. Watu wote wakavua viatu ili sakafu isidunde. Shaame nilimkalisha mbali, karibu na mlango, apige beseni la plastiki lililopinduliwa juu ya taulo. Mimi nilisimama ubavuni na kinanda cha mdomo, nimegeuza mgongo kidogo, kwa sababu pumzi za kinanda zingelimeza neno lake. Mwanamke mmoja akaniuliza kama avue bangili.

"Usithubutu," nikamwambia.

Halafu nikarudisha mkanda mwanzo. Mkanda ule ule, wenye sauti iliyonyooshwa. Nikabonyeza kurekodi juu yake. Mkisikia watu wakisema nilifuta kazi ya bosi, ni kweli nilifuta, na leo ningefuta tena.

Nilianza na kinanda, nikaivuta ile noti ya katikati nikaiacha ining'inie. Bi Zuhura akafumba macho, akainua kidevu, akaingia:

"Niacheni nipendako, msinipangie pendo,
Nimekuja kwa hiari, sikuletwa kwa vishindo."

Sauti ilikuwa na mkwaruzo. Ilikwama mara moja, akaivuta kutoka huko ilikokwama na kuipandisha, na hapo ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mwanamke wa bangili alikuwa wa kwanza kuinuka. Akaenda kwa madaha, mabega yanacheza, akaipunga noti juu ya kichwa cha bibi. Akafuata mwingine. Bi Zuhura alifumbua macho akakuta watu badala ya ukuta, na sauti yake ikafunguka kama mtu aliyevua kiatu kilichombana. Papa Didi aliangalia wenzake wanavyofanya, akavaa kofia yake vizuri, akainuka na yeye. Machozi yalikuwa yananitoka, na pumzi nazihitaji, basi nikapuliza hivyo hivyo.

Ubeti wa tatu mlango ukafunguliwa. Alikuwa Liang. Akaona umati, beseni, viatu vimejaa mlangoni kwake, chumba cha kioo kitupu.

"Bu xing!" akapiga kelele. "Bu xing, bu xing!"

Hapana, haiwezekani, ndivyo alivyokuwa akisema, na sote pale tulilijua neno hilo kwa sababu sokoni tuliambiwa kila siku. Hakuna aliyeacha. Bi Zuhura alimgeukia, akamtazama usoni, akamwimbia ule mstari wa kupangiwa pendo. Kisha akaurudia. Liang akabaki ameshika kitasa, na mwanamke wa bangili akamshika mkono na kumvuta pembeni asizuie njia ya watunzaji. Tukaumaliza wimbo.

Watu walipoondoka Liang alikaa kwenye kompyuta. Aliuingiza wimbo kwenye mashine yake, akajaribu hivi, akajaribu vile. Mashine ilikamata beseni, ikakamata vigelegele, ikakamata sauti yake mwenyewe mlangoni, ikatapika kitu kama redio inayozama majini. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Sauti yake iko wapi?" akaniuliza. "Nipe sauti yake peke yake."

"Mei you," nikamwambia.

Alinielewa. Aliuliza ya mwanzo iko wapi, nikamwambia nimerekodi juu yake. Akanifukuza kazi, bila matusi, nampa haki yake. Nilimwomba mkanda. Akautoa kwenye mashine, akaunusa kama samaki anayemtilia shaka, akanisukumia kifuani. "Chukua. Hauuziki." Nikauchukua, nikaviringisha waya zote za ukumbi, moja juu, moja chini, nikazitundika, ndipo nikaondoka. Kufukuzwa si sababu ya kuacha waya sakafuni.

Hapo wasemaji husema: kumbe ulipoteza kazi kwa wimbo ambao haukuuzwa hata nakala moja. Ndiyo. Nilikuja Dar kwa sababu hiyo, na bila hilo hii studio ambayo ninyi mnaijua kwa sharti la mikono nyuma haingekuwapo. Lakini hata kama ningeishia kuuza tambi Xiaobei, jibu ni lile lile. Kuna mtu alikuwa anakwenda kupoteza sauti yake. Nisingekuwa mimi wa kuipoteza kabla yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipotoka hospitali, kabla sijasafiri, nilikwenda asubuhi moja chumbani kwa Shaame nikiwa na nakala kwenye kaseti na redio ndogo ya kupigia. Bi Zuhura alikuwa kitini karibu na dirisha, amekonda, kitambaa cheupe shingoni. Nilimwamkia. Midomo yake ilifanya marahaba bila kutoa chochote, na hapo nikaogopa. Nilidhani nimekuja kumtesa. Nilimwangalia Shaame, naye akainamisha kichwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyeonyesha redio kwa kidole: washa.

Nikawasha. Nikarudi nyuma nikasimama ukutani, mikono nyuma.

Ubeti wa kwanza alisikiliza uso umekaza, kama mtu anayekagua nguo ya fundi cherehani. Sauti ilipokwama na kupanda, kidevu chake kilipanda nayo. Ubeti wa tatu mlango wa studio ukasikika, na Bwana Liang akapiga kelele ndani ya kaseti, bu xing, bu xing. Mabega ya Bi Zuhura yakaanza kutikisika. Shaame akashtuka, akamkimbilia, lakini bibi alikuwa anacheka. Anacheka sana, bila mlio wowote, machozi yanamtiririka.

Kisha akamsukuma Shaame kando. Akainuka. Akajifunga kanga yake kiunoni, akachukua kipochi cha ushanga kitini, akakifungua na kutoa noti. Chumba kilikuwa kidogo, hatua chache tu toka kitini hadi mezani, lakini alizitembea kama ukumbi mzima unamtazama, taratibu, mabega yanafuata beseni. Akaipunga ile noti juu ya redio, kushoto na kulia. Akailaza juu yake, akaisawazisha kwa vidole viwili.

Akarudi kukaa, akasikiliza mpaka mwisho.